Nilivyohangaika na neno «séparation»

Jirani zetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, walikuwa wanaozesha binti, wakaniletea karatasi za Kifaransa za ndoa ya komini, yaani ya serikali, niwatafsirie. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inawapa wanandoa njia tatu za kushika mali, na moja inaitwa «séparation des biens». Nikaandika haraka: kutengana kwa mali. Nilipowasomea, mama wa binti akasimama.

"Mwanangu, hata mahari haijaisha, mmekwisha kuandika watatengana?"

Alikuwa na haki. Kwetu, ukisema fulani na mkewe wametengana, swali linalofuata ni watoto wamebaki na nani. Nikaomba karatasi nirudi nazo nyumbani.

Kesho yake nikaenda kwa mjomba, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha madini Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Neno lile alilitamka kila siku. Akanieleza: jiwe linasagwa hadi unga, linachanganywa na maji na dawa, kisha hewa inapulizwa. Punje za madini zinanata kwenye mapovu na kupanda nayo, mchanga unazama. Akavuta beseni la kufulia, akakomba povu kwa kiganja. "Shaba yako hii hapa."

"Kwa Kiswahili mlisemaje?"

"Kutenganisha, mpwa wangu. Shaba haitoki yenyewe, kuna mtu anaitoa."

Hapo nikaona kosa langu. Shina ni moja, tenga, lakini mkia wa kitenzi ndio unaosema nani anamfanya nani. Kutengana ni wawili kupeana mgongo. Kutenganisha kunataka mkono wa mtu wa tatu. Na kutenga peke yake kunaweza kuwa upendo kabisa: mama anamtengea chakula baba aliyechelewa kazini. Kifaransa kinabeba kutengana na kutenganisha kwa jina moja, «séparation», nami nilikuwa nimechukua la ugomvi. («Séparation des pouvoirs» haikuwahi kunisumbua, mgawanyo wa madaraka limeshazoeleka.)

Nikafuta, nikaandika: mali, kila mtu na yake. Jioni nikawasomea tena. Mama akatulia, akauliza, "Na nyumba watakayojenga pamoja?" Nikamsomea njia nyingine: walichokuja nacho, kila mtu na chake, watakachochuma ndani ya ndoa, cha wote wawili.

Binti alikuwa mlangoni anasukwa nywele. "Hiyo ndiyo yetu," akasema, bila kugeuza kichwa.