Mchukue kwa Mamaye

Bwana asifiwe, wapendwa.

Neno lililoning'ang'ania juma hili ni la baba mmoja ambaye Maandiko hayamtaji jina. Tunamkuta katika 2 Wafalme 4, mavuno yamepamba moto, na mwanawe analia shambani, "Kichwa changu! Kichwa changu!" Baba anamgeukia mtumishi: "Mchukue kwa mamaye." Mtoto akapakatwa magotini mpaka adhuhuri, akafa. Mwisho tunaujua sote: Elisha alikuja, mtoto akapiga chafya mara saba, akafumbua macho. Lakini leo tusizikimbilie zile chafya. Tubaki shambani kidogo, kwa sababu ile kauli ya baba bado inasemwa katika nyumba zinazosali asubuhi na jioni.

Husemwa hasa mwisho wa juma. Familia imepanga kutoka Jumamosi, meza imeshawekwa hotelini, watoto wanahesabu siku. Ijumaa usiku wa manane mdogo anaamka anatapika, na alfajiri anaharisha, mwili unachemka. Asubuhi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema safari imekufa. Mara nyingi haifi. Mama anabaki na mtoto, wengine wanakwenda; au wanambeba wote, amefungwa kanga, macho yamemlegea, na kuwekwa kwenye kiti mezani.

Hili la pili lisifanyike. Ugonjwa wa kutapika na kuharisha huambukiza upesi kupita tunavyodhani, na meza ya hoteli ina watoto wa wengine. Mtoto akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Anayemhudumia anawe kwa sabuni na maji, kwa sababu ile dawa ya mikono yenye spiriti haifui dafu kwa baadhi ya virusi vya tumbo. Kumpenda jirani nako huanzia kwenye beseni la kunawia.

Sasa, kule magotini pa mama kuna kazi gani? Kuna kazi ya kijiko. Mtoto anayeharisha haponzwi kwanza na mdudu aliye tumboni; huponzwa na maji na chumvi zinazomtoka. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, huchanganywa na lita 1 ya maji safi, au kipimo kile kilichoandikwa juu yake, na haigawanywi kwa kukisia. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya mlima. Hapa ndipo wengi hukosea kwa huruma. Wanaongeza sukari ili mtoto apende, kumbe sukari ikizidi huvuta maji kuingia kwenye utumbo, na kuharisha kunazidi. Chumvi ikizidi ni hatari kubwa zaidi. Soda na juisi za dukani zina sukari nyingi, haziwezi kushika nafasi ya ORS. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe, kitengenezwe kipya.

Kosa jingine ni haraka. Mtoto ana kiu, tunampa kikombe kizima, anakigugumia, anakitapika chote, nasi tunasema dawa imemkataa. Haijamkataa. Subiri dakika 10, kisha anza upya, kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Kila baada ya choo cha maji, aliye chini ya miaka 2 apate mililita 50 hadi 100. Aliyezidi hapo apate 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zinki ikipatikana, ni miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu.

Hebu hesabuni. Kijiko kimoja kila dakika 3 ni vijiko 20 kwa saa, na kijiko kidogo ni mililita 5. Hizo ni mililita 100 tu kwa saa nzima ya kukaa, kuinua mkono, kubembeleza. Nani anaweza kazi hii usiku kucha peke yake na kesho akacheka mezani?

Hapa ndipo ninapowaomba akina baba tuzungumze. Ndugu yangu, wewe ni kichwa cha nyumba, hilo tunalihubiri sana. Basi shika kijiko. Eliya alipochoka chini ya mretemu na kuomba afe, malaika hakumletea hotuba. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule," na pale palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, na mara hii ndipo akataja safari iliyo mbele. Angalieni mwendo wa Mungu hapo: kidogo, usingizi, kidogo tena. Ikiwa aliye wa mbinguni hakuona aibu kurudi mara mbili na maji, sisi tunaona aibu gani kuamka saa tisa usiku? Gaweni usiku vipande viwili. Mmoja alale kabisa, mlango umefungwa, mwingine akae na mtoto mpaka saa nane, halafu mbadilishane.

Na mnapobadilishana, karatasi ibadilishe mikono pamoja nanyi. Andikeni saa ya kila dawa, saa ya kila mkojo, na mara ngapi ametapika. Bila karatasi, baba anatoa parasetamo saa sita na mama anatoa tena saa nane, kila mmoja akidhani mwenzake hajatoa. Dozi ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180. Chupa iliyoandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5, iliyoandikwa 250, ni mililita 3.6. Chupa hizi hufanana, kwa hiyo soma kila mara. Kati ya dozi na dozi ziwe saa 6, na zisizidi nne kwa siku. Angalia pia dawa ya mafua, nyingi zina parasetamo ndani yake. Aspirini asipewe mtoto, wala asimwagiwe maji ya baridi. Mpunguzie nguo, basi.

Yule ofisa wa Kapernaumu, Yohana 4, aliuliza saa. Wakamjibu, "Jana, saa saba, homa ilimwacha." Mzazi mwenye imani alikuwa anajua saa.

Nawasihi pia, tusifanye maombi kuwa ukuta wa kuzuia njia ya hospitali. Hezekia aliombewa, akajibiwa, akaongezewa miaka 15, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea mno au haamki vizuri, huyo aende sasa hivi, muombe mkiwa njiani. Vivyo hivyo macho yakizama, akilia bila machozi, asipokojoa kwa saa 6, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi, au choo kikiwa na damu. Mwenye umri chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, msisubiri hata kuche. Na panapo malaria, kila homa ipimwe.

Nimesema kidogo sana juu ya hoteli. Ni kwa sababu chakula kibaya ni jambo dogo, japo sisi hulikuza. Wale wengine wamekwenda hotelini, wamengoja saa nzima, chakula kimekuja cha baridi na nyama ni nyekundu kwenye mfupa. Nyama ya kuku ya namna hiyo isiliwe, hasa na nyumba ambayo tayari ina mgonjwa. Mwiteni mhudumu mapema, kabla hamjala nusu. Mwambieni kwa sauti ya kawaida kilicho kibaya na mnachotaka: kirudishwe jikoni kiive, au kibadilishwe, au kitolewe kwenye bili. Asipoweza, mwombeni meneja. Mhudumu hakupika. Israeli jangwani walikumbuka matango na vitunguu vya Misri, wakasahau fimbo za Misri, na mara nyingi ule ukali unaomwangukia mhudumu ni uchovu wa Ijumaa usiku ambao haukupata mahali pa kulala.

Mkirudi nyumbani, msianze kusimulia sahani. Naweni mikono, mwulizeni aliyebaki amekula nini tangu asubuhi, mchukue kijiko na karatasi, naye aende akalale. Mtoto akitaka kula, apewe kidogo kidogo chakula laini alichokizoea. Kumnyima chakula hakuponyi kuharisha. Binti Yairo alipoinuka, watu wote wakashangaa, na Bwana akaamuru apewe chakula.