Ukitoka uage: miezi yangu mitano Wete

Nilipopangiwa kujitolea kufundisha hesabu katika skuli moja ya Wete, Pemba, kitu pekee ambacho sikukihofia ni lugha. Natoka Nakuru, Kiswahili nimekisoma, na alama zangu zilikuwa nzuri. Siku ya pili tu mama mwenye nyumba akanituma dukani: "Niletee tungule fungu moja na mbatata kilo." Nikaenda nikiyarudiarudia maneno njiani kama mtoto wa chekechea. Muuzaji alinionea huruma. Tungule ni nyanya, mbatata ni viazi vyetu vya chipsi. Huku ukisema viazi unapewa vitamu.

Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa kuishi ndani ya nyumba ya watu. Wiki mbili za mwanzo nikirudi skuli naamkia, nakoga, najifungia chumbani. Chakula tulikula sinia moja na Mama, Bibi na watoto, nami kwa aibu nilimega matonge matatu, nikasema nimeshiba, usiku nikatafuna biskuti nilizoficha kwenye begi. Mtoto mmoja akayafagia makaratasi ya biskuti. Mama hakusema neno. Kesho yake, upande wangu wa sinia palikuwa na kipande cha samaki kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Biskuti zilizobaki niliwagawia watoto.

Mavazi hayakunisumbua: gauni refu na mtandio, basi.

Jumamosi moja nikaenda na mwalimu mwenzangu pwani ya Vumawimbi, kupitia msitu wa Ngezi. Sikumwambia mtu, nina miaka 26, kwetu natoka nikitaka. Kumbe gari za Konde, mji ulio karibu na msitu, jioni ni za kubahatisha. Nilifika Wete isha imeshaadhiniwa, nikamkuta Baba barabarani na tochi, na vijana wawili wa jirani wako tayari na baskeli zao. "Alhamdulillah, kaja," akasema, akageuka kurudi. Mama alisubiri tuingie ndani. "Mwanangu, ukitoka uage. Watu wakituuliza mgeni wenu yu wapi, tuwajibu nini?" Nikamwomba radhi. Tangu hapo nikawa naaga hata nikienda kununua vocha.

Lakini walionizoea hasa ni watu wa mkekani, msimu wa karafuu ulipoanza. Jioni magunia yanashushwa uani, taa inawashwa, kila mtu anakaa mkekani kuchambua. Nami nikakaa, bila kualikwa. Nilikuwa nakwanyua karafuu moja moja. Bibi akanitazama weee, kisha akasema, "Huyu mpaka ajaze pishi, msimu mwingine umeshafika." Akanishika mkono akanionyesha: shada unalibana juu ya kiganja, unalisokota kidogo, karafuu zinadondoka zenyewe, konyo linabaki vidoleni. Makonyo nayo hayatupwi. Yanauzwa, na Wawi kuna kiwanda kinachoyatoa mafuta. Usiku wa tatu kiganja kilikuwa kinawaka na kimegeuka rangi ya chai. Harufu ile haitoki kwa sabuni, hata chaki zangu darasani zilinukia karafuu.

Pale mkekani ndipo nilipojua nani anaposwa, nani kagombana na nani kwa mpaka wa shamba. Na wao wakanihoji juu ya Nakuru, ziwa, heroe, na kwa nini sijaolewa.

Karafuu zikishachambuliwa huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, na zikinyeshewa zinaharibika. Mchana mmoja wingu likatanda ghafla, Mama yuko kisimani, Baba kaenda mjini Chake Chake. Mimi na watoto wawili tulianua kila kitu, la mwisho tukilikokota huku matone yanaanguka. Mama akaja mbio, ndoo kaiacha huko huko, akakuta ua mtupu. Siku nzima kila aliyepita aliambiwa: "Karafuu kaanua mwanangu wa Nakuru."

Nimesharudi nyumbani sasa. Juzi nilikuwa naenda kununua maziwa duka la jirani, nikapitia jikoni kwanza. Mama yangu mzazi akaweka kisu chini, akaniuliza, "Mbona unaniaga kila saa, unasafiri tena?"