Mrututu kwenye kahawa: nyungunyungu shambani, viroboto vya maji mfongoni

Mkulima akipeleka udongo maabara na kurudishiwa karatasi iliyoandikwa "shaba: miligramu 180 kwa kilo", swali lake huwa moja tu: hiyo ni nyingi au kidogo? Kwa namba hiyo peke yake, hakuna anayeweza kumjibu. Udongo wenye 180 na mboji ya kutosha unaweza kujaa nyungunyungu, na shamba la jirani lenye 120 tu, chachu na lisilo na samadi, ukachimba usimwone hata mmoja. Maabara imehesabu shaba yote iliyomo. Nyungunyungu anakutana na ile tu iliyo huru kwenye unyevu unaomzunguka.

Jinsi shaba ilivyofika huko inajulikana. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, iliripotiwa Kenya mwaka 1922, na kwa miongo mingi silaha dhidi yake na dhidi ya kutu ya majani imekuwa mrututu, yaani dawa ya shaba, mwekundu na wa bluu. Kiuatilifu cha kawaida huvunjwavunjwa na jua na bakteria hadi kikaisha. Shaba ni elementi, haina mahali pa kuishia. Kule Hygum, Denmark, mbao zilitiwa mrututu kati ya 1911 na 1924, na miongo mingi baadaye watafiti wamekuwa wakienda pale kusoma madhara yake kwa viumbe vya udongo.

Hesabu ya shambani ni fupi. Tuseme hekta inapokea kilo 4 za shaba yenyewe kwa mwaka, ambacho ndicho kikomo cha Umoja wa Ulaya ukikigawa kwa mwaka (kilo 28 ndani ya miaka 7). Udongo wa hekta hiyo hadi kina cha sentimita 20, kwa uzito wa kilo 1.2 kwa lita, ni kilo milioni 2.4. Shaba ikichanganyika humo sawasawa, ongezeko ni miligramu 1.7 kwa kilo kwa mwaka. Lakini haichanganyiki. Mibuni haifukuliwi kila msimu kama shamba la mahindi, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki kwenye sentimita 5 za juu, na humo ongezeko linakaribia miligramu 7. Kwa miaka 30 hiyo ni 200, palepale majani yanapoangukia na nyungunyungu wa juu wanapolisha. Ndiyo maana sampuli ya sentimita 0 hadi 20 iliyochanganywa kwenye ndoo moja inadanganya. Chukua 0 hadi 5 kwenye mfuko wake na 5 hadi 20 kwenye mwingine, chini ya mibuni na pia katikati ya mistari, kwa sababu matone ya dawa hayadondoki sawa kila mahali.

Nyungunyungu anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo lazima iwe na unyevu muda wote. Kwa hiyo anapata shaba kwa njia mbili: maji ya udongo yanayomgusa, na udongo anaoumeza. Kifo ni kipimo hafifu cha madhara haya. Kinachotangulia kuanguka ni uzazi: mtu mzima anaendelea kuishi, uzito wake haubadiliki sana, lakini vifuko vya mayai vinapungua na vinavyoanguliwa vinapungua zaidi. Ukichimba shamba la namna hiyo unakuta wakubwa wachache, wadogo hakuna. Ni dalili mbaya kuliko kukuta waliokufa, tena waliokufa huwaoni kabisa, maana mzoga wa nyungunyungu huoza na kupotea ndani ya siku chache. Dalili nyingine iko juu ya ardhi: majani yanalundikana tabaka juu ya tabaka bila kuoza, kama mkeka, na chini yake udongo umeshikamana hauna vishimo.

Shaba hushikwa na mboji kwa nguvu sana, na huachiwa pH inaposhuka, yaani udongo unapozidi kuwa chachu. Chini ya 5.5 mambo yanaanza kuharibika haraka. Hapa kuna mtego ambao wengi hawauhesabu: mbolea ya SA (salfeti ya amonia) huongeza uchachu mwaka hadi mwaka, na shaba iliyokuwa imetulia tangu enzi za babu inaamka bila mtu kuongeza hata gramu moja ya mrututu. Ukiweza kulipia kipimo kimoja zaidi, omba shaba inayotolewa kwa kloridi ya kalsiamu ya 0.01 M, inayokaribia ile iliyo huru, pamoja na ile ya jumla, halafu usome zote mbili kando ya pH.

Au muulize nyungunyungu mwenyewe. Kipimo cha kukwepa huchukua saa 48 na vifaa vyake vipo kila mji. Tafuta beseni la plastiki lenye mfuniko, la lita 2 hivi, na ulitenge katikati kwa kipande cha plastiki kigumu. Upande mmoja weka udongo wa shambani, upande wa pili udongo safi wa mahali pasipowahi kupigwa dawa, kila upande kina cha sentimita 5 hivi. Toa kitenganishi, panga nyungunyungu 10 kwenye mstari uliobaki, funika kwa mfuniko wenye matundu madogo, acha. Baada ya saa 48 rudisha kitenganishi kwa haraka kabla hawajashtuka, kisha uhesabu kila upande. Aliyekatwa katikati huhesabiwa nusu huku na nusu huku. Fanya mabeseni 5.

Wale wa mboji, Eisenia fetida, ndio wa kawaida kwenye maabara. Eudrilus eugeniae, ambaye asili yake ni Afrika Magharibi, naye hufaa kwenye joto letu. Chagua wakubwa walio na ule mkanda mnene wa mwilini, na uwape angalau siku moja kwenye udongo safi kabla ya kuanza, maana aliyetoka kwenye samadi moja kwa moja haupendi udongo wowote utakaompa.

Mfano: kati ya 50, 43 wako upande safi na 7 upande wa shamba. Toa 7 kwenye 43, gawa kwa 50: ukwepaji ni asilimia 72. Kwa kanuni ya kimataifa, wakibaki chini ya asilimia 20 kwenye udongo unaopimwa (hapa ni 14), udongo huo umepungukiwa kama makazi.

Kosa linaloharibu kipimo hiki kuliko yote ni unyevu. Upande mmoja ukiwa mkavu kidogo, wanakimbia ukavu, nawe unaandika sumu. Lowesha pande zote mpaka udongo ukifinywa mkononi ushikamane bila kudondosha maji. La pili ni udongo safi usiolingana: ukichukua mfinyanzi mweusi wa bondeni kulinganisha na udongo mwekundu wa mlimani, umepima kupenda kwao tu. La tatu, ambalo watu hulikwepa kwa uvivu, ni kutoweka beseni la udongo safi pande zote mbili. Hapo wanatakiwa wagawanyike kati ya 40 na 60 kwa mia. Wakirundikana upande mmoja, kuna mwanga, joto au mteremko unaowasukuma, na kipimo chote kinarudiwa. Ujue pia kwamba kipimo hiki kinafaa kwa shaba kwa kuwa wanaihisi. Baadhi ya viuatilifu vinavyoshambulia neva huwalegeza kabla hawajahama, ukadhani wameridhika.

Ukitaka kujua ni kiwango gani wanaanza kukwepa kwenye udongo wako, tengeneza ngazi ya shaba ya kuongeza: miligramu 0, 50, 100, 200, 400 na 800 kwa kilo. Mrututu wa bluu wa fuwele, yaani salfeti ya shaba, una shaba asilimia 25.5, kwa hiyo kuongeza miligramu 200 kwa kilo kwenye kilo 2 za udongo mkavu unahitaji gramu 1.57. Yeyusha kwenye maji utakayoloweshea, changanya, acha wiki chache. Hata hivyo, shaba iliyotiwa juzi ni kali kuliko iliyokaa miaka 30, basi ngazi hii inakupa jibu la tahadhari, wala haitabiri kitakachotokea kwenye udongo wa zamani wenye namba ileile.

Kwenye maji hakuna mboji nyingi ya kuikamata shaba, na hapo viwango vinabadilika kabisa. Mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Viroboto vya maji, Daphnia, kwenye maji laini hulemazwa na makumi ya mikrogramu kwa lita, yaani sehemu ndogo sana ya hizo miligramu 2. Maji unayoweza kunywa bila shida yanaweza kummaliza mnyama anayekula mwani na kuliwa na samaki wadogo. Sababu ni chumvi: shaba huziba njia ambayo mwili wake hufyonzea sodiamu, na sodiamu iliyomo inavuja nje bila kurudishwa. Kalsiamu hushindania nafasi ileile, ndiyo maana maji magumu humpunguzia makali. Konokono nao ni wepesi kuumia, na salfeti ya shaba iliwahi kutumika kwa makusudi kuwaua wale wanaoeneza kichocho.

Sasa angalia bomba la mgongoni likioshwa mfongoni, yaani kwenye mfereji wa umwagiliaji. Gramu 50 za dawa yenye shaba asilimia 50 kwenye lita 20 ni gramu 1.25 za shaba kwa kila lita. Lita moja iliyobaki chini ya tangi inahitaji lita 125,000 za maji ishuke hadi mikrogramu 10 kwa lita. Mfongo unaopitisha lita 10 kwa sekunde utahitaji karibu saa tatu na nusu kuleta maji hayo. Suuza mara tatu kwa maji kidogo kidogo, na kila mara upulizie suuzo hizo kwenye mibuni.

Chokaa ikipandisha pH kuelekea 6 na samadi ikiongezwa, shaba hurudi kifungoni, ingawa haijaondoka, na ukirudia SA miaka michache utaifungulia tena. Kupunguza kinachoingia ndiyo kazi kubwa: aina zinazostahimili chulebuni, kama Ruiru 11 iliyotolewa Kenya mwaka 1985 na chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, kule Lyamungu, pamoja na kupogolea ili upepo upite.

Ukitaka kuangalia kijito chenyewe, geuza mawe chini ya mfongo na juu yake, utafute lava (watoto wa wadudu) wenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea pembeni mwa tumbo. Hao huondoka mapema maji yakichafuka. Ila wanakimbia pia maji ya kumenyea buni, ambayo sukari yake hula oksijeni yote, na kwa macho huwezi kutofautisha. Fanya ukaguzi huo baada ya upigaji dawa na kabla mashine za kumenya hazijawashwa.