Nakala za mahesabu ya duka: wiki ya tatu

Jumatano usiku, Sinza

Mama mdogo alinipigia mchana kutoka dukani kwake, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. "Mwanangu, lile faili la mauzo nimelifuta bahati mbaya. Si nakala ya jana ipo?" Nikamwambia ipo, mama, usijali. Kumbukumbu ya skripti, ile programu ndogo niliyoandika inakili mafaili yake kwenye flashi kila usiku, ilikuwa imeandika "Nakala imekamilika" kila usiku.

Haikuwepo. Nakala ya mwisho kwenye flashi ni ya Ijumaa. Jumamosi alichomoa flashi aende nayo steshenari, ikabaki kwenye droo, na skripti ikaendelea kusema imekamilika kwa usiku nne. Tumekaa mpaka saa mbili tukirudisha mauzo kutoka kitabu cha risiti, ukurasa kwa ukurasa. Iliniuma, kwa sababu aliniamini.

Alhamisi

Nimeipata kasoro ya skripti. Ndani ya funksheni niliandika hivi:

```
local jibu=$(tar -czf "$lengo" "$folda")
if [ $? -ne 0 ]; then
```

Alama ya dola na mabano huchukua kile amri inachotoa na kukiweka kwenye kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani. Hapo sikukosea. Ila `local`, inayotangaza kigeu cha ndani ya funksheni, nayo ni amri, na ndiyo inayomaliza mwisho. Kwa hiyo `$?`, namba ya hali ya amri iliyomaliza mwisho (0 ni salama), inaleta hali ya `local`, ambayo ni 0, hata kama `tar`, amri inayofungasha folda kuwa faili moja, imeanguka na 2. Tena kigeu `jibu` kilikuwa kitupu, maana malalamiko ya `tar` hupita njia ya makosa, na mabano hayo hayaikamati njia hiyo mpaka uiunganishe kwa `2>&1`. Sasa iko hivi:

```
local jibu hali
jibu=$(tar -czf "$lengo" "$folda" 2>&1)
hali=$?
```

Kutangaza mstari wake, kujaza mstari wake. Ukiweka hata `echo` moja kabla ya `hali=$?`, umeipoteza tena.

Nimetoa pia alama zile za mshazari (`` ` ``), njia ya zamani ya kufanya kazi ya `$( )`, nilizonakili kwenye mfano wa zamani. Zilikuja na sheli (programu inayosoma amri) ya Stephen Bourne, Unix toleo la 7, mwaka 1979, na bado zinafanya kazi. Lakini ukitaka amri ndani ya amri, inabidi uzikinge kwa mkwaju wa nyuma (`\`) mmoja mmoja, na saa sita usiku macho hayaoni. `$( )` inaingia ndani ya mwenzake bila shida.

Kitu kidogo: `echo $orodha` iliyabana majina yote ya mafaili kwenye mstari mmoja. `echo "$orodha"` inaacha kila jina kwenye mstari wake.

Jumamosi, dukani

Nimechomoa flashi makusudi, nikaendesha skripti mbele ya mama mdogo. Imeandika "IMESHINDIKANA" na chini yake maneno ya `tar` yenyewe, kwamba folda haipo. Nikairudisha, nikaendesha tena, kisha nikalifungua faili kutoka kwenye nakala ili alione. Alishuka mpaka mauzo ya vitenge ya asubuhi, akahesabu kwa kidole, akasema, "Haya, yametimia."