Ukizima intaneti, kinabaki nini?

Jumapili, usiku.

Swali la kununua gemu, filamu na muziki kwa diski au kuzipakua limenikaa kichwani wiki nzima, na kila nikiligeuza naona linaulizwa vibaya. Watu wanalipima kwa nafasi ya kabati, kwa bei, kwa wepesi wa kubonyeza. Mimi nalipima kwa jambo moja tu: siku duka likifungwa, seva (kompyuta ya kampuni inayoendesha huduma) ikizimwa au akaunti ikizuiwa, kitu nilicholipia kitafunguka? Kikifunguka bila kumwomba mtu ruhusa ni changu, kiwe diski au faili. Kisipofunguka nilikodi, hata kama kitufe nilichobonyeza kilisema "nunua".

Na haya yameshatokea mbele ya macho yetu. Julai 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali, na vitabu vyenyewe vikatoka kwenye vifaa vya wateja. Pesa zilirudishwa, vitabu havikurudi. Tarehe 31 Agosti 2022 wateja wa PlayStation wa Ujerumani na Austria walipoteza filamu za Studiocanal walizokuwa wamezinunua, kwa sababu mkataba kati ya makampuni uliisha. Nintendo iliacha kuuza gemu kwenye maduka ya mtandaoni ya mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, na gemu zilizokuwa zikiuzwa humo peke yake hazina tena mlango halali wa kununuliwa zikiwa mpya. Jimbo la California likaona ni vyema litunge sheria: tangu 1 Januari 2025 muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumwambia mteja wazi kwamba analipia leseni, yaani ruhusa ya kutumia, si kitu chenyewe. Sheria hiyo haifiki Kinondoni wala Nyali, lakini leseni wanazozizungumzia ndizo hizi hizi tunazolipia.

Upande wa gemu ndiko mambo yalikochanganyika zaidi, maana hata diski si dhamana tena. Diski ya PS4 (PlayStation 4) ni Blu-ray, diski inayobeba kuliko DVD, ya hadi GB 50; ya PS5 inafika GB 100. Kuna gemu iliyotimia ndani ya diski, kuna iliyowekwa nusu na nusu nyingine ukapakue, na kuna iliyotimia lakini haichezeki bila seva. The Crew, gemu ya kampuni ya Ubisoft, ilitoka 2014 na iliuzwa pia kwa diski. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, aliyenunua diski na aliyepakua walibaki sawa, mikono mitupu. Nintendo Switch 2 nayo imekuja na kadi za aina ya Game-Key Card: kasha lipo, kadi ipo, lakini ndani yake mna ufunguo tu, gemu yenyewe inapakuliwa. Tangazo lake liko mbele ya kasha, sehemu ya chini. Lisome kabla hujatoa hela.

Mtihani wake ni rahisi, na ufanye wiki ileile ya kununua, wakati muuzaji bado anakukumbuka. Futa gemu kwenye mashine, zima Wi-Fi, ingiza diski, acha isakinishe mpaka mwisho, halafu cheza saa nzima: anzisha hatua mpya, hifadhi, toka, rudi. Usiishie kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa sababu kuna gemu zinazofungua ukurasa huo vizuri kisha zinakwama mbele ya safari. Unachokiona saa hiyo ndicho utakachokuwa nacho miaka 15 ijayo. Makosa ambayo masasisho yangeyarekebisha utayaona vilevile, kwa hiyo gemu iliyotoka kiwandani na kasoro nyingi ni bora uisubirie toleo la baadaye la diski, lile lenye masasisho ndani.

Upande wa bando, hesabu haidanganyi. Mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde unaleta MB 1.25 kwa sekunde, kwa sababu biti 8 ndizo baiti moja. Gemu ya GB 90 itachukua saa 20 za mfululizo, bila mtu mwingine nyumbani kugusa mtandao na bila umeme kukatika. Ukiwa na megabiti 5, ni saa 40. Umeme ukikatika katikati, PS5 kwa kawaida inaendelea ilipoishia, ila usisahau nafasi: wakati wa kusasisha gemu kubwa mashine inaweza kudai nafasi ya ziada, na ujumbe wa "nafasi haitoshi" unawashangaza watu ambao mahesabu yao yalikuwa sahihi.

Kuna mtego mwingine unaowakamata watu wa kwetu. Akaunti nyingi za PlayStation huku zimefunguliwa kwa jina la nchi nyingine, Marekani au Uingereza. Kadi ya zawadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Diski yoyote ya PS4 inacheza kwenye mashine yoyote, lakini nyongeza unazonunua mtandaoni zinatakiwa zilingane na toleo la diski. Ukiwa na diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani, utalipia nyongeza, itapakuliwa, na gemu haitaiona. Tazama msimbo unaoanza na CUSA kwenye ubavu wa kasha, utafute ni wa toleo la wapi, ndipo ulipie.

Na kama unafikiria PS5 isiyo na tundu la diski kwa ajili ya kuokoa pesa, hesabu vizuri. Ile ya umbo jembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 inakubali kufungwa draivu (kifaa cha kusoma diski) baadaye, lakini draivu hiyo lazima isajiliwe kwa intaneti mara moja kabla ya kufanya kazi. PS5 Pro ya Novemba 2024 haiji na draivu kabisa. Bila draivu huuzi gemu uliyoimaliza, hubadilishani na jirani, hununui ya mtumba. Kwa kijana anayemaliza gemu moja kwa mwezi na kuigeuza kuwa nyingine, hilo peke yake linatosha kumwambia achukue yenye draivu.

Sasa diski yenyewe. Ishike kwa tundu na ukingo, uiinue mbele ya taa upande wenye maandishi ukikuelekea. Diski nzima ya CD inaonekana kama kioo cheusi kidogo, mwanga unapenya kwa mbali na kwa usawa. Ukiona vitobo vya mwanga, vidogo kama ncha ya sindano, hapo utando wa alumini umeliwa. Kwenye CD utando huo uko juu, chini ya vanishi na rangi tu. Plastiki yote ya milimita 1.2 iko upande wa chini. Ndiyo maana mchubuko wa upande wa picha ni mbaya kuliko ule wa chini ambao watu wanauogopa: wa chini unaweza kung'arishwa, wa juu umeondoka na wimbo. DVD ina data katikati, milimita 0.6 kila upande, hivyo ina kinga pande zote mbili. Blu-ray ina data milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, na juu yake ganda gumu jembamba. Dawa ya meno na mashine za kung'arisha zinazosaidia CD zinaiua Blu-ray, na diski za gemu za PS4 na PS5 ni Blu-ray. Fundi akikuambia ataisugua ing'ae, mshukuru, uichukue diski yako.

Kusafisha: maji safi yenye tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini cha kufutia miwani, futa kwa mstari kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe. Mchubuko unaokatiza njia ya data unagusa kipande kidogo cha kila mzunguko, na deki ina uwezo wa kukifidia. Mchubuko unaofuata mzunguko unafuta kipande kirefu kwa pamoja, na hapo picha inaganda.

Pwani tuna adui wawili, unyevu na jua. Diski zisimame kwenye makasha yake, mbali na ukuta unaotoa chumvi, pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu, ambavyo unavikausha vikishiba. Dashibodi ya gari mwezi wa Januari si mahali pa diski. Stika usibandike: inayumbisha diski inapozunguka kasi, na siku inapobanduka inaondoka na alumini.

Za kuogopewa zaidi ni zile zilizochomwa kwenye kompyuta. Zigeuze: ya kiwandani ni rangi ya fedha tupu, iliyochomwa ina kivuli cha kijani, buluu au zambarau. Hiyo ni rangi ya kemikali iliyounguzwa na leza kuandika data, na jua linaifanya ipauke. Fikiria kilichomo kwenye diski hizo nyumbani kwetu: video za harusi, mawaidha, filamu za nje zilizotafsiriwa na madijei, ambazo sauti ya mtafsiri haipo mahali pengine popote. Filamu kibao za Bongo za miaka ya 2000 nazo zilitoka kwa VCD. VCD inabeba dakika 74 hadi 80, ndiyo maana filamu moja inajaza diski mbili. Picha yake ni nukta 352 kwa 288. Runinga ya Full HD ina nukta mara 20 ya hizo, kwa hiyo ukungu unaouona ni wa kuzaliwa nao, usiilaumu diski.

Kuokoa VCD, fungua folda iitwayo MPEGAV, nakili faili la AVSEQ01.DAT na wenzake kwenye kompyuta. Programu ya VLC inalicheza hivyo hivyo lilivyo. Kwa DVD iliyochubuka, isiyo na kufuli la kuzuia kunakili, usikubali kunakili kwa kuburuta, maana kosa moja linakatisha kazi yote. Kwenye mfumo wa Linux tumia programu ya ddrescue kwa zamu mbili: kwanza `ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 filamu.iso filamu.map`, ichote vilivyo rahisi na kuruka vibovu. Kisha amri hiyo hiyo, ukiweka `-d -r3` badala ya `-n`, irudie vile vibovu mara tatu. Katikati ya zamu toa diski, ifute, hata ihamishie draivu nyingine. Lile faili la .map linakumbuka palipobaki. Draivu mbili huwa hazishindwi pale pale, na tofauti hiyo ndiyo inayokamilisha nakala.

Ndugu akikuletea DVD halisi, angalia namba ya eneo, yaani sehemu ya dunia ambako diski hiyo imeruhusiwa kucheza. Tanzania na Kenya ziko eneo la 5, Oman na Ulaya Magharibi ni la 2, Marekani ni la 1. Draivu ya kompyuta inakubali kubadilishwa eneo mara 5 tu, ya tano inakuwa ya kudumu, kwa hiyo usibonyeze ovyo.

Kwa muziki, msimamo wangu ni tofauti: faili lisilo na kufuli linashinda. Duka la mtandaoni la Bandcamp linakupa FLAC, faili la muziki lenye ubora kamili, ukapakue, na ukishalishusha halimuulizi mtu. Albamu ya dakika 45 ikiwa ghafi kama ilivyo kwenye CD ni karibu MB 476. Kwa FLAC inapungua mpaka kama MB 250 au 300 bila kupoteza hata chembe. Kwa MP3 ya 320 (kilobiti kwa sekunde) ni MB 108. Hifadhi FLAC nyumbani, tengeneza MP3 za kutembea nazo, kwa sababu redio nyingi za magari hazisomi FLAC. Ukirushiwa nyimbo mtaani zinazodaiwa ni 320, zipitishe kwenye programu ya Spek, inayochora masafa ya sauti: wimbo uliotoka kwenye 128 umekatika kama kwa kisu karibu na kHz 16, hata wakiupa jina gani. Na kwa heshima ya waimbaji wetu, albamu inayouzwa mahali, ilipie hapo.

Faili nalo linahitaji pa kukaa. Flashi za bei ya kutupa zinazodai GB 256 mara nyingi ndani zina 16. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, majina yote yanaonekana, ila ukifungua hakuna kitu. Kabla ya kuiamini, ijaze yote na kuisoma tena kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au f3write kisha f3read kwenye Linux. Ukiifomati kwa mpangilio wa FAT32, faili moja halivuki GB 4, ndipo filamu nzuri inapokataa kuingia. ExFAT inaondoa tatizo hilo, ingawa deki za zamani haziisomi. Nakala ziwe tatu: moja ya kutumia, moja kwenye diski kuu ya nje (hard disk) inayokaa kabatini na kuwashwa kila baada ya miezi michache, moja nyumba nyingine kabisa. Ukimaliza kunakili endesha amri ya `sha256sum`, inayotoa mfuatano wa herufi za kutambulisha faili, pande zote mbili, ulinganishe herufi.

Kwa anayeanza kesho na kabati zima, nisingeanza na zile zinazong'aa. Chota kwanza zilizochomwa, hasa zenye maandishi ya kalamu yaliyokwisha kufifia, kisha VCD, kisha kanda za kaseti, DVD za kiwandani zifuate. Blu-ray na gemu zinaweza kusubiri mwaka.