Dumu la Baba

Mwaka 2016, Jumapili moja, babangu hakwenda barazani. Tangu aache bahari alikuwa hakosi baraza ya laasiri pale Mkomani, mjini Lamu, hata mvua ikinyesha. Siku hiyo alifungwa na dumu kama mbuzi na kamba.

Dumu lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia, la lita 5, mama kalisuuza kwa maji moto hadi karatasi ya ubavuni ikabanduka. Maagizo yalikuwa haya: mkojo wa kwanza wa asubuhi umwagwe, kisha kila tone liingie dumuni mpaka asubuhi ya pili, na huo wa asubuhi ya pili nao uingie. Mkojo wa saa 24, uwekwe baridini, upelekwe Mombasa kwa daktari bingwa wa figo. Kisiwani petu bingwa wa figo hatukuwa naye.

Ugonjwa tuliujua kwa bahati tu. Alikwenda kupima presha, wakamtoa damu, kreatinini, ile taka ya damuni ambayo figo huitoa, ikarudi iko juu. Mwenyewe hakuwa na la kulalamikia ila miguu kuvimba jioni, na hilo akiusingizia uzee. Mtaa ulipopata habari, madafu yakaanza kuingia nyumbani. Dafu husafisha figo, nani Amu asiyejua? Wiki tatu nzima baba alikunywa matatu kwa siku.

Alfajiri ya Jumatatu nilinunua barafu kwa wauza samaki, nikaijaza kwenye boksi la mjomba lililokuwa bado linanuka nguru. Baba alilifunga dumu kwa kikoi chake, akalitia mwenyewe. Nilipotaka kulibeba boksi kushukia botini akanizuia. "Liwache, mwanangu. Hili langu."

Tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi. Siku hizo mabasi yalikwenda kwa msafara, na polisi, kwa ajili ya mashambulizi ya al-Shabaab. Barabara ya kwenda Garsen ilikuwa vumbi na mashimo, na kila shimo nilisikia dumu likicheza kwenye barafu. Kwenye kizuizi abiria tulishushwa sote, vitambulisho mkononi, mizigo ikafunguliwa mmoja mmoja.

Askari aliyetufikia alikuwa kijana, na kwa lafudhi yake hakuwa mtu wa pwani. Akafungua boksi, akafunua kikoi.

"Mzee, hii ni nini?"

Baba kimya.

"Ni mnazi?"

Watu wakacheka. Mzee mwenye kofia ya vito na tasbihi, abebe pombe ya mnazi!

"Basi ni mafuta ya simsim?" Mkono tayari uko kwenye kifuniko.

Nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito. Baba, ambaye hata mimi bintiye hakutaka nilishike lile dumu, akajibu kwa sauti aliyokuwa akiwaitia mabaharia wake: "Ni mkojo wangu, afande. Wa tangu jana. Fungua ukitaka."

Hakufungua. Alikirudisha kikoi taratibu, akakikunja vizuri kuliko kilivyokuwa. "Pole, mzee. Piteni."

Tulipopanda tena, mama mmoja nyuma yetu alituambia habari za kakake wa Witu. Alikuwa akienda Mombasa kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, nauli ikamshinda, mwishowe akahamia huko moja kwa moja na shamba akaliacha. Baba hakumjibu. Aligeukia dirishani, na hadi Malindi hakunisemesha neno.

Usiku tulilala Kibokoni, Mombasa, kwa shangazi. Alilipatia dumu rafu nzima ya chini ya friji, akahamisha maziwa, akahamisha mchuzi, akahamisha hata ndimu.

Kliniki tulifika saa kumi na mbili asubuhi, tukaingia kwa daktari saa saba mchana. Katikati hapo sina la kusimulia ila benchi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alimwamkia baba kwanza, ndipo macho yakaangukia dumu.

"Lote hili, nani aliyewaambia mlete?"

Kumbe kijikopo kimoja cha mkojo wa asubuhi kingetosha. Hulinganisha protini na kreatinini humo humo. Aliyetuandikia barua alifuata utaratibu wa zamani. Mimi nusura nilie. Baba alicheka mpaka akakohoa, akauliza, "Sasa unataka kijiko kimoja, na mengine nikayamwage wapi?" Yule daktari, Mungu amjazi heri, akaagiza lipimwe lote. Lita 1.6.

Uwezo wa figo kuchuja ulikuwa 24. Hatua ya nne, akasema, na ya tano ndiyo ya mwisho, ikishuka chini ya 15. Akauliza dawa za maumivu. Baba akataja diklofenaki, ya mgongo, mbili kwa siku, miaka, ananunua tu duka la dawa. Daktari akaweka kalamu chini. "Hizo mwisho leo." Akaangalia tena karatasi, potasiamu 5.8. "Unakula nini, mzee? Ndizi? Madafu?"

Nilimtajia ile hesabu ya matatu kwa siku. Alieleza kwa upole kwamba dafu limejaa potasiamu, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Ikizidi, huweza kuusimamisha moyo. Baba alipokea habari za figo kwa utulivu. Za dafu zilimuumiza.

Mwisho daktari aliushika mkono wa kushoto wa baba. Kuanzia leo, akasema, mkono huu asitoe mtu damu wala asiupime presha. Mishipa yake tunaiweka akiba, pengine siku moja tukaihitaji kwa mashine ya kusafisha damu, pengine tusiihitaji.

Siku ya kurudi, basi liliposimama Malindi, vijana wa madafu wakagonga madirisha. Baba alinunua moja, akanipa mimi. Alinitazama ninavyokunywa mpaka likaisha.

"Tamu?"

"Lina chumvichumvi."

"Mrongo," akasema, akageukia dirishani, mkono wa kushoto kaupakata kwa wa kulia.