Mbwa anayerukia wageni: tulivyomfundisha Bobi kwenye geti lake mwenyewe

Bobi ana miaka 3 na kilo 28. Shida yake ilikuwa geti. Kengele ikilia anatoka mbio, anarukia nondo, bodaboda anaweka mzigo chini na kuondoka. Mwalimu wa mbwa tuliyemwita nyumbani alianza na huko kuondoka. Bobi anaona kwamba yeye ndiye aliyemfukuza yule mtu, na kila mzigo unapoletwa anashinda tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kumpeleka kwenye kituo cha mafunzo ya mbwa wiki mbili kusingetufaa. Kule hakuna kengele yetu wala mlinzi wetu, na mbwa hujifunza jambo pamoja na mahali alipolijifunzia.

Mwalimu alitaka kwanza daktari wa mifugo amkague masikio, meno, viungo na kupe. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha, likatibiwa. Mbwa mwenye maumivu huwa na hasira za karibu, na mafunzo hayaponyi sikio. Chanjo ya kichaa cha mbwa pia isiwe imepitwa na muda. Mbwa akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa amechanjwa.

Siku ya kwanza mwalimu hakumgusa. Alikaa kibarazani akaomba kengele ipigwe kama kawaida, akanionyesha kile ambacho sikuwa nakiona: Bobi anafunga mdomo, masikio yanaelekea mbele, uzito unahamia miguu ya mbele, mkia unasimama na kukakamaa. Kubweka kunakuja baada ya hapo, kama sekunde 2 hivi. Kazi yote inafanyika ndani ya sekunde hizo. Akishalipuka hasikii chochote.

Wiki ya kwanza tulimkatisha mazoezi ya kufukuza watu. Nondo za geti tukazifunika kwa turubai, na mchana Bobi akakaa ua wa nyuma, mita 12 kutoka getini. Mnyororo tuliuondoa. Mbwa aliyefungwa karibu na geti hawezi kukimbia wala kusogea, anachobakiwa nacho ni ukali.

Chambo, yaani vipande vya kumtuza, ni maini ya ng'ombe, nusu kilo, yamechemshwa bila chumvi wala kitunguu, yamekatwa ukubwa wa punje ya harage. Maini mengi huharisha, kwa hiyo nusu ya vipande iwe kuku asiye na mifupa. Chakula cha jioni tulikipunguza ili asinenepe.

Zoezi lenyewe: nilirekodi kengele kwenye simu, nikaipiga kwa sauti ya chini. Ikilia tu, kipande kinamfikia. Mara 10 kila awamu, awamu 3 kwa siku. Angalia sana mpangilio: kengele kwanza, mkono baadaye. Mkono ukiingia mfukoni kabla ya kengele, mbwa anajifunza mfuko. Siku ya nne kengele ilipolia aligeuza kichwa akanitazama mimi badala ya geti, na hapo nikaanza kuongeza sauti. Kisha tukaweka gunia karibu na mlango wa jiko: kengele ikilia, vipande vinatua kwenye gunia.

Mtu wa kweli alikuja wiki ya pili. Jirani alisimama mita 15 nje ya geti lililo wazi, Bobi akiwa na mkanda wa kifuani na kamba ya mita 5. Kipimo ni maini. Akiyakataa, au akiyanyakua kwa meno, mtu yuko karibu mno. Rudi nyuma mita 3.

Tuliharibu wiki ya tatu. Bobi alinguruma, mlinzi akampiga fimbo, na siku mbili baadaye Bobi akaruka bila kunguruma kwanza. Ngurumo ni onyo, na ukimwadhibu mbwa kwa kuonya unabaki na mbwa anayeng'ata kimyakimya. Mwalimu alirudi akakaa na mlinzi na dada wa kazi saa nzima, kila mmoja akashika kamba na maini mwenyewe. Ziara hiyo ndiyo iliyotusaidia kuliko zote, na mwalimu asiyetaka kufundisha watu wa nyumba nzima ningemkataa. Vivyo hivyo anayeahidi kumaliza kila kitu kwa siku moja, au anayembana mbwa shingo chini.

Mwalimu wetu alimzoesha Bobi pia kikapu cha mdomoni, kile chenye nafasi ya kufungua mdomo na kuhema. Kile cha kitambaa kinachobana mdomo ni hatari kwenye joto la Dar, maana mbwa hujipoza kwa kuhema. Ndani tulipaka siagi ya karanga, akawa anaingiza pua mwenyewe. Soma kopo kwanza: zailitoli (xylitol), sukari mbadala, ni sumu kwa mbwa.

Sasa ni wiki ya 9. Kengele ikilia Bobi anakwenda kwenye gunia, bodaboda anakabidhi mzigo mkononi. Wazoa taka bado ni wagumu kwake, kwa sababu wanakuja kundi na gari lina kelele. Siku zao anavaa kikapu na anakaa ua wa nyuma, na jioni tunapiga sauti ya lile gari kwenye simu, chini kabisa, kipande kimoja kila mlio.